Kodi ya Kitanda cha Chini

Dada alisubiri mpaka kila mtu ameshika kikombe chake, ndipo akasema. Alikuwa amesimama karibu na jiko, kitambaa cha kufutia vyombo kikiwa begani, na alisema kwa sauti ileile anayoitumia kuarifu kwamba sabuni imekwisha: chama cha wafanyakazi wa nyumbani kimemchagua yeye kwenda kuzungumza Alhamisi ijayo mbele ya Bodi ya Mishahara. Kisha akainama kumfuta kamasi mtoto wa mwisho.

Baba wa nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu alitengeneza majokofu, alicheka mpaka chai ikampalia. Mkewe hakucheka. Yeye alikuwa mchumi wa Bodi hiyohiyo. Kima cha chini kipya cha mshahara wa wafanyakazi wa nyumbani kilikuwa kazi ya mikono yake, na Alhamisi hiyo ndiye angesimama kukieleza mbele ya waajiri, wafanyakazi na waandishi wa habari, huku mwanamke anayemlelea watoto amekaa upande wa pili wa meza.

"Hongera, Dada," alisema, maana ndilo neno lililomjia.

"Asante, Mama. Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu."

Mtaani mchumi huyu aliitwa Mama Profesa. Profesa si yeye, ingawa wageni walidhani hivyo na kumpa heshima isiyo yake. Profesa ni binti yake wa miaka kumi na mmoja, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya maswali yasiyokwisha. Mdogo wake Profesa, wa miaka miwili, aliitwa Bosi, na hilo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kukaa nyumba moja na mtoto wa miaka miwili.

"Kwa hiyo Alhamisi," Profesa aliuliza, "Mama na Dada ni timu moja au timu mbili?"

Aliambiwa ale mkate wake, na akala, lakini alikula akiwatazama wote wawili kama refa.

Mama Profesa alikuwa mtu wa kanuni. Ni wale watu ambao wakipewa chenji iliyozidi hurudi dukani juani kuirudisha, kisha wakamweleza mwenye duka pale alipokosea. Njia nzima ya kwenda kazini aliligeuza jambo lile kichwani, na aliporudi jioni alikuwa amekata shauri. Alimwita Dada, akamwambia kwamba haifai wao wawili kulala chini ya paa moja wiki ya kikao. Watu watasema mchumi amemfundisha maneno, au amemtisha. Basi Dada achukue likizo yenye malipo kuanzia Jumamosi hadi kikao kipite.

Dada alimtazama Bosi, aliyekuwa anajaribu kuingiza kijiko kwenye tundu la umeme.

"Na watoto, Mama?"

"Tutajijua wenyewe."

Fundi, aliyesikia yote akiwa ukumbini, alisema kanuni za mke wake siku moja zitawalaza nje. Hakujua alikuwa karibu kiasi gani na ukweli.

Kesho yake Mama Profesa alikwenda kumweleza Mkurugenzi wake, kwa sababu kanuni ilisema aelezwe. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, mwenye tai nyingi, asiyependa kelele. Alimuuliza swali moja tu: je, Dada analipwa chini ya kima kipya?

"Kwa punguzo la makazi, ametimia," alijibu.

"Basi tatizo liko wapi?" Mkurugenzi akatabasamu. Akamkumbusha kwamba cheo cha mkuu wa kitengo kiko wazi, kwamba jina lake ndilo la kwanza, na kwamba baada ya Alhamisi itabaki saini tu. "Kawasomee kilichochapwa, mama. Umeshashinda hata hujaanza."

Punguzo la makazi lilikuwa fahari yake. Kabla yake, kila kikao cha mishahara ya nyumbani kilivunjikia palepale: waajiri wakisema mtu huyu anakula na kulala kwangu bure, wafanyakazi wakisema kulala si kulipwa, na kila mtu anarudi kwao na hasira zake. Yeye akaja na hesabu. Chakula hakukigusa, maana aliona haya kumhesabia mtu matonge. Lakini kulala, alisema, kunataka chumba. Chumba kina kodi. Na kodi inajulikana. Alipita mtaa kwa mtaa akiuliza kodi za vyumba, akapata wastani, akaukata kwenye kima. Anayelala kwake alipwe kima chote. Anayelala kwa mwajiri alipwe theluthi mbili. Waajiri walikubali siku hiyohiyo, jambo ambalo halijapata kutokea, na Mkurugenzi akamsifu mbele ya watu. Wakati huo hakuna aliyeona, na yeye mwenyewe hakuona, kwamba ile theluthi mbili iliangukia barabara juu ya mshahara wa Dada, kama kifuniko na chungu chake. Nyani haoni kundule, na mchumi ni vivyo hivyo, hata akiwa na jedwali.

Jumamosi asubuhi Dada aliondoka na mfuko mmoja kwenda kwa mama yake mdogo, na Bosi akalia kilio cha mtu aliyefiwa. Kufikia Jumapili mchana nyumba ilikuwa imekwenda mrama. Uji ulishika chini. Soksi za Profesa zilipatikana moja moja, kila moja na rangi yake. Fundi, mtu anayeweza kufungua jokofu na kulifunga gizani, alipiga pasi sketi ya shule ya binti yake na kuiachia alama ya pasi pale pa kukalia, akajitetea kwamba akikaa haitaonekana.

Bibi, mama yake Fundi, alikuja kusaidia, na msaada wake mkubwa ulikuwa maoni. Alikaa kwenye kiti kizuri, magoti yake mabovu juu ya mto, akamtazama mkaza mwana wake akisugua sufuria.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," alisema. "Umemlisha, umemvisha, leo anakwenda kukushtaki kwa wakubwa. Mimi ningemkataza."

"Hanishtaki mimi, mama. Anawasemea wenzake."

"Wenzake wanafanya kazi wapi? Si kwenye nyumba za watu kama wewe?"

Mama Profesa aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata.

Kitanda cha watoto kilikuwa cha ghorofa. Juu alilala Profesa. Chini walilala Dada na Bosi. Fundi hakuenea pale, Bibi ana magoti, basi Mama Profesa ndiye aliyehamia kitanda cha chini. Usiku wenyewe siusimulii. Aliyelea anaujua, na ambaye hajalea hataamini. Itoshe kusema kwamba Bosi alikohoa, akataka maji, akayakataa maji, akamtaka Dada, akamkataa mama yake, na alipolala hatimaye alilala kwa kukingama, miguu ikiwa mbavuni mwa mtu.

Lakini kulipopambazuka, mwanga ulipoanza kuingia dirishani, Mama Profesa alibaini jambo. Godoro lilikuwa na bonde. Halikuwa katikati, ambako mtu hulala kwa raha zake. Lilikuwa ukingoni kabisa, upande wa kuangukia, bonde jembamba la mtu anayelala kwa ubavu mmoja miaka nenda miaka rudi ili mtoto asianguke. Mwanzo aliyekingwa hapo alikuwa Profesa na mwili wake mdogo, kisha akazaliwa Bosi, na bonde ni lilelile. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliingia chumba hiki usiku, akaikumbuka siku moja Bosi alipougua sana, na hata siku ile ni Dada aliyekuja kumgongea mlango. Akaona haya akiwa amelala palepale, haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

Jumatatu alifika kazini macho mekundu. Mlinzi wa usiku alikuwa bado anakunja blanketi lake ndani ya kibanda cha getini, na yeye, kwa kuwa uchovu humfanya mtu apende kuona mwenzake amechoka, akamtania kwamba leo amelala.

"Nimelala, mama," mlinzi akakiri, "lakini nimelala kikazi."

Walicheka wote wawili. Alipanda ngazi akicheka bado, na alipofika mezani kwake kicheko kilikuwa kimekwisha. Bodi haikumkata mlinzi yule kodi ya kibanda. Hata mwendawazimu asingependekeza hilo. Mtu analala pale kwa sababu geti liko pale. Kibanda ni lindo lake, wala si nyumba aliyopangishwa. Na Dada je? Nani alimpangisha kitanda cha chini? Aliwekwa pale kwa sababu Bosi yuko pale, na kabla ya Bosi kwa sababu Profesa yuko pale. Mchumi msomi alikuwa amemtoza mtu kodi ya lindo.

Alifungua lile jedwali la fahari, akalitazama kama mtu anayetazama picha za harusi baada ya kuachika. Kisha akaifuta safu ya punguzo na kuiacha kompyuta ihesabu upya. Haikuchukua muda. Kima kikawa kimoja kwa wote, anayelala kwa mwajiri na anayelala kwake, na mshahara wa Dada ukawa chini ya kima kwa theluthi nzima. Alikuwa ametoka nyumbani akiwa mwajiri mzuri. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa mwajiri anayepunja.

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo ndilo lililomtisha.

"Hoja nzuri," alisema. "Iandikie makala. Lakini Alhamisi utasoma kilichochapwa."

"Kilichochapwa kina kosa, Mkurugenzi. Kosa langu."

"Kile si kosa. Ni makubaliano. Waajiri wamekubali kima kwa ajili ya punguzo. Ukiliondoa, wanasimama na kutoka nje. Wakitoka, hakuna kima kabisa, na huyo Dada wako anabaki hana hata hiyo theluthi mbili kisheria. Umelifikiria hilo?"

Alikuwa amelifikiria, na lilikuwa limemkosesha chakula cha mchana. Alisema kwamba hesabu anayoijua ni mbovu hawezi kuisoma mbele ya watu kwa mdomo wake. Mkurugenzi akairekebisha tai yake, akasema kwa upole uleule kwamba basi afikirie pia nani atafaa kuwa mkuu wa kitengo, maana kazi hiyo inataka mtu anayejua lini hesabu imefungwa.

Jumatano jioni alimkuta Fundi uani, amepiga magoti nyuma ya jokofu la mteja, tochi mdomoni. Alimweleza yote, hata lile la kitanda, hata lile la haya. Asiposoma kilichochapwa, cheo kinakwenda. Cheo kikienda, nyongeza ya mshahara inakwenda nacho. Na kima kipya kikipita bila punguzo, Dada wa kutwa kucha hawamwezi tena. Hata wakijinyima, hawamwezi. Na juu ya yote hayo, kesho kuna mtu atamuuliza yeye anamlipa wake kiasi gani.

Fundi alitoa tochi mdomoni. "Watu husema mganga hajigangi. Wewe umejiganga, sasa dawa chungu unataka kuitema?"

"Nakuuliza kwa sababu ni pesa zetu wote."

"Najua." Alifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Mimi nikifunga friji ya mtu vibaya, nikajua, nikamrudishia hivyohivyo, nitapata usingizi?"

"Wewe unalala usingizi wa pono hata nyumba ikiungua."

"Haya, tuseme nitalala. Wewe je? Mara ya kwanza kukuona ulikuwa umerudi kwenye duka la mjomba wangu na chenji iliyozidi, jua la saa saba, jasho linakutoka. Mjomba akakuona mwehu. Mimi nikasema, huyu nikimpata sitaibiwa." Akarudisha tochi mdomoni, akainama, kisha akaitoa tena. "Tutabanana. Tulishawahi kubanana kabla ya haya makabati."

Ukumbi wa kikao ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mwanamke wa miwani mikubwa aliyesikiliza kwa kufumba macho, na wengi walidanganyika wakidhani amelala. Waajiri walikaa kulia. Msemaji wao alikuwa mwenye kampuni ya kutafutia watu wafanyakazi wa nyumbani. Wote walimwita Wakala, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Wafanyakazi walikaa kushoto, na kati yao Dada, amevaa gauni la buluu ambalo Mama Profesa hakuwahi kuliona. Walisalimiana kwa macho.

Wafanyakazi ndio walioanza. Dada alisimama bila karatasi.

"Mimi nina bosi mmoja," alisema, "na ana miaka miwili."

Ukumbi ukacheka. Aliwangoja wamalize, kama anavyomngoja mtoto amalize kurusha miguu ndipo amvishe.

"Bosi wangu akikohoa, naamka. Akilia, naamka. Asipolia, naamka kumtazama kwa nini halii. Asubuhi najiona sijalala, lakini siwezi kusema nilikuwa kazini, kwa sababu nilikuwa kitandani. Mtoto yule nampenda, sisemi uongo. Namlea kama wangu. Lakini mapenzi hayajawahi kulipa kodi ya mtu, wala kumtibu mama yangu. Tunachoomba ni kwamba usiku wetu nao uonekane."

Mama Profesa alikuwa ameketi meza ya wataalamu, mikono juu ya kabrasha lake, na alijikuta amejaa fahari mpaka kooni. Huyu ni wa kwetu, alitaka kumwambia aliyekaa naye. Mnamsikia? Huyu ni wa kwetu. Alikumbuka tu kwamba mtaalamu hapigi makofi.

Wakala alisimama, akitabasamu. "Dada yangu, umesema vizuri sana. Sasa huyo bosi wako mdogo ana mama. Huyo mama anakulipa kiasi gani? Taja bila woga, tuone kama kweli mnaonewa."

"Sikuja kumsema mtu," Dada alijibu.

"Ni nani? Tusaidie."

"Ni mtu mwema. Angekuwa mbaya ningemtaja."

"Ah!" Wakala akawageukia wenzake, mikono wazi. "Analala bure. Anakula bure. Ana mwajiri mwema. Wazee, kuna mwenye nafasi ya kazi hii anipe mimi?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa cha namna nyingine. Kilitoka kulia kikajaa ukumbi wote, na baadhi ya waandishi wa habari wakacheka nacho. Dada hakukaa. Alisimama akishikilia mgongo wa kiti, midomo ameibana. Mama Profesa aliijua midomo ile. Ndivyo anavyoibana akibeba sufuria ya moto na kitambaa hakionekani, akijua kwamba akiiachia itamwagikia mtoto. Safari hii Dada alikuwa amembeba yeye. Angeendelea kumbeba hivyohivyo mpaka mwisho wa kikao, na asingesema neno.

Aliwasha kipaza sauti chake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mwajiri wake ni mimi."

Kicheko kikakatika. Mkurugenzi, aliyekuwa mstari wa mbele, aliitazama tai yake. Jaji alifumbua macho.

"Namlipa theluthi mbili ya kima," Mama Profesa aliendelea. "Kwa hesabu iliyo mbele yenu, niko sawa na sheria. Hesabu hiyo niliifanya mimi, mkanisifu, nami nikasifika. Nimeikosea. Nilihesabu kitanda anacholalia kama chumba nilichompa. Wiki hii nimekilalia. Si chumba. Ni lindo. Mlinzi wa jengo hili analala kibandani pale getini, na hakuna mwezi tuliomkata kodi ya kibanda. Kama kuna mwajiri yeyote humu anayemkata mlinzi wake, naomba asimame."

Hakuna aliyesimama. Wakala alianza kusema kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, jaji akamuuliza tofauti yake ni ipi, na Wakala akasema atalijibu kwa maandishi.

"Kwa hiyo naliondoa punguzo la makazi," Mama Profesa alimalizia. "Kima kiwe kimoja. Na kuanzia sasa hivi mimi ni mwajiri anayelipa chini ya kima. Naomba Bodi ikipitishe, kinibane na mimi."

Mambo hayakuwa laini, na atakayewaambia yalikuwa laini anawatia mchanga machoni. Wakala alisimama na kutoka, kama Mkurugenzi alivyotabiri, na waajiri wengi wakamfuata. Lakini hawakutoka wote. Wachache walibaki wamekaa, wakitazamana, mama mmoja mwenye hoteli ndogo akasema kwa sauti kwamba yeye ana walinzi wawili na hajui angewatazamaje. Wachache wale walitosha kutimiza idadi ya kupiga kura. Kima kilipita kwa tofauti ndogo, na jaji akaagiza kiandikwe bila punguzo.

Mkurugenzi alipita karibu na meza ya wataalamu akitoka. Hakumgombeza. Alisema tu, "Makala ingetosha." Cheo cha mkuu wa kitengo, baadaye, kilikwenda kwa kijana mmoja mtaratibu aliyejua kusoma kilichochapwa, na Mama Profesa alimpongeza kwa mkono, akaenda chooni, akalia kidogo, akanawa uso, akarudi kwenye meza yake ileile karibu na dirisha lisilofunga.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Alhamisi ile, nje ya ukumbi, Dada alikuwa anamngoja kwenye ngazi, na wenzake wa chama wamesimama mbali kidogo, wakijifanya hawasikilizi.

"Mama, ungeniacha tu. Mimi nisingekutaja."

"Najua. Ndiyo sababu nilisimama."

Kisha Dada akauliza, na akauliza kama mtu mzima anayemuuliza mtu mzima, bila kuinamisha kichwa: "Na sasa mtaniweza?"

Mama Profesa aliona njia ya kusema maneno matamu, akaiacha. "Hatukuwezi, Dada. Kwa kutwa na kucha, hatukuwezi. Nimehesabu kila upande."

"Na kutwa peke yake?"

"Kutwa tunaiweza. Kwa kubanana."

Dada alifikiri, akilikunja na kulikunjua shina la ua alilopewa na wenzake. "Basi nitakuja asubuhi, saa kumi na moja jioni nitaondoka. Muda utakaobaki nitafute yangu. Nataka kujifunza kushona." Akalinyoosha lile ua. "Usiku ni wenu, Mama."

"Usiku ni wetu," Mama Profesa alikubali, na mgongo ukamuuma kwa kulisema tu.

Bibi alipopewa habari alisema ndivyo dunia inavyoharibika, kisha akaomba atolewe Bosi mapajani kwa sababu amelowana.

Siku Dada aliyorudi kazini, Mama Profesa aliomba ruhusa atoke ofisini mapema ili awepo. Alimkuta jikoni kama siku zote. Sakafu inang'aa, soksi zimekutana na wenzao, Bosi ameshiba mpaka tumbo limetangulia. Lakini saa kumi na moja ilipofika, Dada alifunga bomba, akanawa mikono mpaka viwiko, akavua kanga ya kazi na kuitundika. Akavaa viatu, vya kutokea, vyenye kisigino kidogo. Akachukua mkoba.

"Jamani, mimi ndio natoka," alisema. "Tutaonana kesho."

Bosi alielewa kabla ya wote. Alimrukia mguuni akapiga mayowe, na Dada alichuchumaa akambusu, kisha akamkabidhi kwa mama yake mikono miwili, vizuri, kama mtu anayekabidhi zamu. Mama Profesa alimpokea. Mtoto alimpiga kifuani, akamlowesha blauzi kwa machozi na makamasi, na yeye akamshika hivyohivyo mpaka getini.

Profesa alikuwa amening'inia kwenye nondo za geti. "Dada anakwenda wapi?"

"Anakwenda kwake."

"Kwani ana kwake?"

"Anako. Amepanga chumba."

Profesa alilitafuna hilo kimya, jambo lisilo la kawaida. Dada alikuwa amekwisha kufika kwenye kona. Alitembea katikati ya barabara bila haraka, mkoba begani, akisalimia huku na huku, na mwenye genge akamuuliza kitu, naye akasimama kumjibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamngoja. Fahari ilimjaa Mama Profesa pale getini, fahari isiyokuwa na jedwali, na mtoto analia sikioni mwake. Miaka sita Dada aliishi nyumbani kwake, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatoka kazini.